Kusaka rangi za miti Nairobi: uende lini, uende wapi, na upige aje

Ikifika Septemba na Oktoba simu zinajaa picha za watu wetu walio majuu, mmoja yuko Vermont, mwingine Toronto, wamesimama chini ya miti myekundu na ya manjano, na huku Nairobi kila mwenye kamera anaanza kuuliza sasa sisi tutapiga wapi. Rangi tunazo. Tena zingine ziko kwa barabara unayopitia kila asubuhi ukienda kazi. Shida ni kwamba watu wanazitafuta wakifuata kalenda ya huko, na miti ya Nairobi haina habari na hiyo kalenda, yenyewe inajua kiangazi na mvua tu.

Kule majani yanabadilika sababu siku zinafupika na baridi inaingia. Mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani inaisha, na ile manjano iliyokuwa ndani ya jani wakati wote ndo inaonekana, alafu miti kama maple inajitengenezea na nyekundu yake. Sisi tuko kama digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, mchana wa Juni na mchana wa Desemba zinatofautiana dakika chache tu, kwa hivyo mti hauwezi jua eti sai ni mwezi wa kumi. Kinachousukuma ni ukavu: unaangusha majani ili usipoteze maji, na kuna miti inangoja ibaki uchi kabisa ndo itoe maua. So kabla ujiulize ni tarehe ngapi jiulize imenyesha lini mara ya mwisho, na itanyesha lini tena.

Tuanze na mjakaranda juu ndo kila mtu anauliza. Huu mti ni mgeni, asili yake ni Amerika Kusini pande za Argentina na Bolivia, lakini umeshazoea hapa hadi watu wengine wanadhani ni wetu. Mzunguko wake uko hivi. Julai na Agosti, ile baridi ya mawingu, majani yake madogo madogo yanageuka manjano na yanaanza kumwagika, hadi mti unabaki matawi na vile vifuko vya mbegu, bapa, vya kahawia, vigumu kama mbao. Kuelekea mwisho wa Septemba jua linarudi na unaona zambarau imeanza kwa ncha za matawi. Oktoba ndo yenyewe. Novemba mvua za vuli zikishika zinaangusha maua na majani mapya yanaingia, hapo imeisha hadi mwaka ujao. Lakini miti haifanyi hivyo siku moja, mmoja unaweza kuwa umejaa na jirani yake bado umelala, na mvua ikichelewa ama ikiwahi kila kitu kinasogea. Hapa utabiri wa kila wiki wa idara ya hali ya hewa utakusaidia kuliko maoni ya watu wa Insta, sababu mtu anaposti leo picha ya mwaka juzi na hasemi.

Sasa siri kubwa, kama ni siri: usisake lokesheni Oktoba. Saka Agosti, wakati mji umepoa na miti inakaa vibaya. Mjakaranda ulio na majani ya manjano Agosti ndo utakuwa zambarau Oktoba, na ukishaujua huo mti unaangalia mambo ambayo baadaye utakuwa na haraka sana ya kuyaangalia, yaani nyuma yake kuna nini, kuna nguzo ya stima inakata katikati, kuna bango la matangazo, jua litatoka upande gani, utasimama wapi bila kugongwa na boda. Kaa kiti cha mbele cha matatu, ama cha dirisha, na uwe unadondosha pini kwa ramani ya simu kila ukiona mti umekaa poa, usisubiri kufika nyumbani maana utasahau kama ulikuwa kabla ya raundabauti ama baada. Ile ramani ya setilaiti pia inasaidia, saa zingine utakuta picha zilichukuliwa wakati wa maua na unaona vichwa vya zambarau vimejipanga kwa mtaa mzima, lakini angalia picha ni ya mwaka gani, mitaa kama Kilimani na Kileleshwa miti mingi imekatwa fleti zikipanda. Ndo maana hata kama ulikuwa na lokesheni yako mwaka jana, pita tena uhakikishe.

Na uliza watu. Askari wa geti anakaa hapo masaa kumi na mbili, anajua mti gani unaanza kumwaga lini kushinda programu yoyote. "Habari ya kazi mkubwa, hii miti inatoanga maua lini?" Utapewa historia yote, na kesho ukirudi na kamera hatakuuliza maswali mengi sababu mshajuana. Wale mama wanaofagia barabara asubuhi pia wanajua, tena wao ndo wanajua zaidi, kazi yao yote ya Oktoba ni hayo maua.

Kwa mji wenyewe pa kuanzia ni Arboretum na State House Road hapo karibu. Arboretum ilianzishwa 1907, walikuwa wanajaribu miti inayokua haraka ili wapate kuni za treni, na ndo maana leo kuna aina zaidi ya 350 ndani ya kama hekta 30, miti ya kutoka kila kona ya dunia. Kwa mpiga picha hiyo ni bahati, juu kila mwezi kuna kitu kimebadilika rangi mahali, hata wakati mjakaranda umelala. Enda asubuhi siku ya katikati ya wiki. Wikendi kuna vikundi vya maombi, watu wa pikiniki, wanandoa na watu wa gradueshen, na kila mti mzuri una foleni. Matatu za Kileleshwa zinakushusha karibu. Geti utalipa kiingilio, na kama umekuja na mastendi na mtu wa kushika riflekta sema ukweli kabisa pale getini maana picha za biashara zina bei yake, kuliko ufukuzwe ukiwa katikati ya kazi.

State House Road nayo kila mtu anaipenda, na ni kweli ikijaa inapendeza, lakini mimi naona inasifiwa kupita kiasi, magari hayaishi na zaidi ya yote uko mlangoni pa ikulu. Usielekeze lenzi huko. Sio mchezo, ikulu, kambi za jeshi na sehemu zingine zilizotangazwa kuwa za ulinzi sheria haitaki zipigwe picha, na kibao kiko wazi. Piga miti, geuza mgongo upande wa geti, na ukiulizwa jibu kwa heshima, onyesha picha zako, songa mbele.

Mimi ningekuambia ingia mitaa ya ndani ya Kileleshwa, Lavington na Muthaiga. Barabara ni nyembamba, matawi ya huku na huku yanashikana juu, na kwa sababu hakuna magari mengi maua yaliyoanguka yanakaa chini bila kukanyagwa hadi saa mbili asubuhi. Hapo unapata picha ambayo State House Road haiwezi kukupa: barabara yote zambarau na mtu mmoja anatembea na jagi la maziwa. Mbaya tu ni kwamba hizi ni nyumba za watu, usipige ndani ya geti na usipande ukuta.

City Park pale Parklands pita kama uko karibu, kuna miti mikubwa ya zamani na kuna lile bustani la kumbukumbu ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Tumbili wa hapo wanapora. Mandazi usifungue, na begi la kamera lifungwe zipu.

Karura ni hadithi nyingine na watu wengi wanaitumia vibaya, wanaenda kwa maporomoko wanapiga selfi wanarudi. Huo msitu ni zaidi ya hekta elfu moja, na tunao hadi leo sababu watu kama Wangari Maathai walipigana 1999 usigawanywe kwa wajenzi, so ukiingia na uutembee. Hapa sasa ndo kuna kitu kinachokaribia kabisa zile rangi za majuu, na sijui mbona hausemwi: mutundu. Ni mti wa kienyeji, majani yake makubwa yana umbo la moyo, na jani likizeeka linageuka rangi ya machungwa kabisa kabla ya kuanguka. Haugeuki mti mzima pamoja, unakuta majani ya kijani na ya machungwa kwa tawi moja, na kiangazi kikikolea yanazidi na mengine yako chini kwa njia. Utafute pembeni mwa msitu na palipo wazi, sio ndani kwenye giza, huu mti unapenda jua. Ukiupata simama upande ambao jua linapita nyuma ya jani kuja kwako, hapo jani linawaka na mishipa yake yote inaonekana, na hauhitaji mandhari kubwa, tawi moja linatosha picha. Ukiwa hujui kuutofautisha weka programu ya kutambua mimea kwa simu, piga jani, itakuambia Croton macrostachyus, ndo huo.

Ya Karura kufika sio kazi, ukipanda matatu ya Kiambu namba 100 unashukia geti ya Kiambu Road karibu na makao makuu ya DCI, ama upitie upande wa Limuru Road. Hawachukui pesa taslimu, weka salio kwa simu kabla. Fika geti ikifunguliwa, kuna ile miale ya jua inaingia katikati ya miti na vumbi ama ukungu kidogo, haikai.

Miti mingine ya kuweka macho: nandi flame, ile ya maua mekundu ya machungwa juu kabisa, inatoa maua zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka kwa hivyo ni ya kuokoa siku. Muhuti unatoa maua mekundu ukiwa hauna jani hata moja, wakati wa kiangazi, na mti wenyewe umejikunja kunja, ukiupata peke yake kwa shamba upande wa Ngong ama Kiambu na anga nyuma hiyo ni picha. Mikungu inayogeuka nyekundu kabisa hiyo ni ya Mombasa, huku usiisumbukie. Na ule mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, uliopona 2020 wakati Expressway inajengwa baada ya kelele za watu na amri ya rais, huo haubadiliki rangi lakini piga tu, una hadithi.

Ukichoka na miti kuna nyasi, na watu wanasahau nyasi. Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, vilima vya Ngong vinakuwa dhahabu kuanzia chini hadi juu, na upepo ukipita unaona nyasi zinalala na kuamka. Panda matatu ya 111 hadi Ngong mjini, boda hadi geti. Kilele kiko kama mita 2,460, baridi ya kule sio mchezo hata kama Ngong mjini ulikuwa umevaa fulana, na usiende pekee yako ukiwa na vifaa, enda kikundi, na kama mnataka kufika vilele vya mbali ulizeni askari wa msitu wa kuwasindikiza. Ile mitambo ya upepo wengine wanaona inaharibu, mimi naona inasaidia picha ionekane ni kubwa aje.

Mbuga ya Nairobi nayo, kilomita 117 mraba, nyasi za manjano na majengo ya mji nyuma. Hapa kuna hesabu ndogo ya jua. Mji uko kaskazini mwa mbuga, kwa hivyo ukitaka majengo unaangalia kaskazini. Januari na Februari jua liko kusini, liko mgongoni mwako, linamulika nyasi na majengo mbele. Julai na Agosti limehamia kaskazini, linakupiga usoni na majengo yanakuwa kivuli. Nyasi ni zile zile, picha sio moja.

Halafu Julai yenyewe, wakati mji wote ni kijivu, ndo uende Tigoni, kwa mashamba ya chai pande za Limuru. Chai haibadiliki rangi, ni kijani mwaka mzima, lakini ule ukungu wa asubuhi na mgrevilea mmoja mmoja umesimama katikati ya shamba, unapata picha za tabaka tabaka ambazo jua kali haliwezi kukupa. Omba ruhusa kwa shamba, na wavunaji waulize wenyewe pia kabla hujawapiga, wako kazini. Ukienda mbele hadi zile sehemu za kutazama Bonde la Ufa juu ya barabara ya Mai Mahiu, kumbuka unaangalia magharibi, asubuhi jua liko nyuma yako na bonde lina rangi, jioni linakuchoma lenzi. Asubuhi kabisa ukungu unaweza kufunga usione kitu, nunua mahindi ya kuchoma, ngoja upande.

Sasa mambo ya kupiga yenyewe. Oktoba Nairobi jua linachomoza kama saa kumi na mbili na robo na linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na kwa sababu ya ikweta linashuka karibu wima, haliteremki kwa mshazari kama Ulaya. Ile nuru laini ya dhahabu ni dakika kama ishirini na tano tu, so uwe umeshasimama mahali pako, sio kwamba ndo unalipa boda. Na mwisho wa Septemba jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa, kivuli kiko chini ya miguu, kila ua lina doa jeupe juu na giza chini. Saa nne hadi saa tisa weka kamera kwa begi isipokuwa kuna mawingu. Mawingu yakiwepo piga siku nzima, zambarau inapenda mawingu.

Juu ya zambarau, simu nyingi zinaigeuza bluu. Ukiachia kila kitu kwa otomatiki unapata mti wa bluu kwa anga ya bluu na unashangaa mbona kwa macho ilikuwa tofauti. Badilisha waiti balansi, ile setingi ya rangi ya mwanga, iwe ya kivuli ama ya mawingu, inaongeza joto na zambarau inarudi. Punguza mwangaza kidogo, gusa skrini kwa maua alafu vuta chini, juu maua yakishaungua kuwa meupe hakuna programu itayarudisha. Alafu kubwa kuliko yote ni kilicho nyuma. Usiweke mjakaranda mbele ya anga safi. Uweke mbele ya miti ya kijani iliyoiva, ukuta mweupe, wingu zito jeusi la mvua, hapo rangi inaruka. Matatu ya rangi kali ikipita chini yake ni sawa kabisa, hiyo ndo Nairobi, mimi huwa nangoja ipite.

Na angalia chini. Ua la mjakaranda lina umbo la tarumbeta na linaanguka zima, halianguki vipande, kwa hivyo chini linabaki na sura yake. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza ya usiku ndo asubuhi ya kuamka saa kumi na moja hata kama ulilala saa saba, lami iko nyeusi, imelowa, maua yote yako chini, na wafagiaji bado hawajafika. Chuchumaa, shusha kamera hadi karibu na lami, weka maua ya karibu yawe nje ya fokasi na ya katikati yawe safi. Filta ya polaraiza kama unayo inaondoa ule mng'aro wa maji na rangi inakolea zaidi. Kama hauna, sogea pembeni hadi mng'aro upungue. Chunga tu, hayo maua yakilowa yanateleza, na wa boda naye anateleza akija upande wako.

Usalama nitasema haraka. Kamba ya kamera shingoni ama mkononi, simu usinyooshe upande wa barabara maana kuna wanaopita na pikipiki wakinyakua, enda wawili, mmoja anapiga mwingine anaangalia. Watoto wa shule usiwapige nyuso bila mwalimu ama mzazi kukubali. Droni inahitaji kibali cha KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, na karibu na ikulu ama uwanja wa ndege wa Wilson usijaribu hata kwa mzaha.

Ukirudi, picha zako za Agosti zile za miti mikavu usifute, weka kwa folda moja na pini zake na jina la barabara, andika pembeni mti gani ulitoa maua mapema na gani ulichelewa na mvua ilinyesha wiki gani. Mwaka ukienda utakuta kuna miti inatangulia kila mara, na hiyo ndo utakuwa unaanzia nayo wakati wengine bado wanauliza kwa maoni kama imeanza.